Kitoweo Kitangulie: Mazungumzo juu ya Protini na Sukari ya Damu

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda mara mbili au tatu kila siku bila ya kulifikiri sana, nalo ni kuketi mbele ya chakula. Na katika chakula hicho nimekusudia kulitazama fungu moja tu, fungu la kitoweo, yaani samaki, nyama, mayai, maziwa, maharage, kunde, mbaazi na choroko, vitu ambavyo wataalamu wa lishe huvihesabu kuwa vyakula vya protini, ili tujue vina athari gani juu ya sukari iliyomo katika damu ya mwanadamu.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kuwa maradhi ya kisukari, ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ni maradhi ya matajiri na wakaao kitako mijini, leo yamebisha hodi katika nyumba za wavuvi, wakulima, walimu na wachuuzi, na kila aliyepatikana nayo husikia kutoka kwa majirani na jamaa nasaha za namna mbili zinazopingana. Huyu atamwambia ajitenge na nyama na samaki, ale ugali wa dona na mboga za majani peke yake. Yule atamwambia aache wanga kabisa, ale mayai na nyama asubuhi na jioni mpaka sukari ishuke, kana kwamba kitoweo ni dawa inywewayo kwa kijiko. Kwa maoni yangu wote wawili wameshika nusu ya maneno, na nusu ya maneno katika mambo ya siha huweza kumdhuru mtu kuliko kutojua kabisa, maana asiyejua huuliza, lakini aliyeshika nusu hufundisha.

Kwanza yatupasa kujua kadiri ya kitu tunachokizungumza. Mtu mzima mwenye umbo la wastani ana damu ipatayo lita 5, na katika damu yote hiyo, asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, sukari iliyoyeyuka humo haizidi gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kiasi hicho kidogo ndicho ubongo unachokitegemea usiku na mchana. Kikipungua kupita mpaka wake mtu hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa na hata kuzirai, na kikizidi kwa muda wa miaka huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na mishipa ya moyo. Matabibu hukipima kwa milimoli katika lita moja ya damu: mtu mwenye afya akiamka na njaa huwa chini ya 6, na mtu ambaye vipimo vyake vya asubuhi hurudia kufikia 7 au kupita huhesabiwa kuwa ana kisukari. Sasa tulinganishe kijiko hicho na sahani. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga zaidi ya gramu 70, na wanga huo, ukishameng'enywa tumboni, takriban wote hugeuka kuwa sukari. Kwa hiyo mtu aliyekula ugali uliosongwa kwa unga gramu 150 amekitia kiwiliwili chake sukari ipatayo mara 20 ya ile iliyokuwamo katika damu yake yote. Ni katika maajabu ya maumbile kuwa mtu mzima wa afya huupokea mzigo huo, na baada ya muda wa saa mbili au tatu sukari ya damu yake imekwisha kurejea karibu na pale ilipokuwa.

Mwenye kuifanya kazi hiyo ni kongosho, kiungo kidogo kilichojilaza nyuma ya tumbo, ambacho kwa karne nyingi hakuna aliyekidhania jambo kubwa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho lake, na mbwa yule akashikwa na kisukari. Hapo ikawa dhahiri kuwa katika kiungo hicho imo siri. Siri yenyewe ilifunuliwa mwaka 1921 katika mji wa Toronto, nchini Kanada, na Frederick Banting na Charles Best, wakisaidiwa na J. J. R. Macleod na James Collip, na mwezi wa Januari mwaka 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini, homoni iliyokuwa siri hiyo, katika zama ambazo mtoto mwenye kisukari cha namna yake hakuwa na la kutarajia ila mauti. Mwaka uliofuata ikagunduliwa homoni ya pili ya kongosho, glukagoni, ambayo kazi yake ni kinyume cha ile ya kwanza: insulini huifungulia sukari njia ya kuingia katika misuli na kulizuia ini lisitoe akiba yake, na glukagoni huliamrisha ini liitoe akiba hiyo ili damu isikose. Kwa hizi mbili kutolewa kwa kadiri, sukari hukaa katika mizani.

Na hapa protini inaingia mara ya kwanza katika habari yetu, kwa mlango ambao wengi hawautazamii, kwani insulini yenyewe ni protini. Frederick Sanger wa Cambridge, huko Uingereza, aliifumbua ilivyoungwa, akakuta ni minyororo miwili yenye jumla ya asidi amino 51, asidi zilezile ambazo mwili huzipata kwa kumeng'enya samaki na maharage. Na kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Hii ndiyo sababu mgonjwa hudungwa insulini kwa sindano wala hapewi aimeze, maana tumbo lingeliimeng'enya kama limeng'enyavyo kipande cha nyama, na faida yake ingelipotea kabla haijafika katika damu.

Ama fikra ya kukitumia kitoweo kama tiba ya kisukari si ngeni hata kidogo. Mwaka 1797 tabibu wa jeshi la Uingereza aitwaye John Rollo alitoa kitabu juu ya afisa mmoja, Kapteni Meredith, aliyekuwa na kiu isiyokatika na mkojo mwingi wenye sukari, ambaye yeye alimwamuru aache vyakula vya nafaka na ale vyakula vitokanavyo na wanyama takriban peke yake. Na hali ya mgonjwa yule ikatengenea, na sukari katika mkojo wake ikapungua mno. Kutoka hapo, kwa muda wa zaidi ya karne moja, matabibu wengi wa Ulaya na Marekani waliendelea kuwanyima wagonjwa wao wanga na kuwalisha nyama, mayai na siagi. Lakini mwenye insafu lazima aulize: kilichomfaa afisa yule kilikuwa ile nyama aliyopewa, au kilikuwa ule mkate aliokatazwa?

Jawabu lilipatikana kwa kupima. Mwaka 1936 Jerome Conn na L. H. Newburgh, wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, walilinganisha athari ya sukari na athari ya protini ambayo, kwa hesabu ya kemia, ingeliweza kuzaa sukari ya kadiri ileile. Wakaona kuwa sukari iliipandisha damu kama ilivyotazamiwa, ilhali protini haikuipandisha kwa kiasi cha kutajwa, si kwa watu wazima wa afya wala si kwa wagonjwa ambao kisukari chao kilikuwa chepesi. Basi natija ya kwanza ni hii: kitoweo hakiishushi sukari kwa nguvu zake chenyewe kama dawa, bali hakiipandishi, na kila tonge la wanga lililokipisha kitoweo katika sahani ni tonge ambalo halikuongeza sukari. Sehemu kubwa ya sifa aliyoipata Rollo ilitokana na mkate uliotoka, si na nyama iliyoingia.

Mtu atasema: lakini husemwa kuwa ini laweza kuigeuza protini kuwa sukari. Ni kweli, na ni rehema, kwa sababu mtu aliyekaa na njaa siku nzima akaimaliza akiba ya wanga ya ini lake, ambayo kwa kawaida ni yapata gramu 100, huendelea kuishi kwa ini lake kuzigeuza asidi amino, hata zile zitokazo katika misuli yake, kuwa sukari ya kuulisha ubongo. Walakini kazi hiyo huenda polepole, na baada ya mlo wa kitoweo kongosho hutoa insulini na glukagoni zote mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza ikizipeleka asidi amino na sukari misulini, ya pili ikilitaka ini litoe sukari kiasi cha kuziba pengo, hata hii ikaizuia ile isipite mpaka. Laiti kongosho lingelitoa insulini peke yake kwa kila kipande cha nyama, mvuvi aliyekula samaki wa kuchoma bila ya muhogo angelianguka kwa kupungukiwa na sukari kabla hajafika nyumbani.

Natija ya pili ni kubwa zaidi kwetu sisi, watu ambao aghalabu hatuli kitoweo kitupu wala hatutaki kukila kitupu, nayo inahusu kinachotokea pale protini inapokutana na wanga katika tumbo moja. Kitoweo kikitangulia kufika, huamsha katika utumbo homoni ambazo hufanya mambo mawili: huliambia kongosho lianze kuitayarisha insulini mapema, na huufanya mlango wa chini wa tumbo ufunguke kwa uchache, kama bawabu aruhusuye wageni mmoja mmoja badala ya kuliacha kundi zima lijimimine uani. Wanga ukija nyuma yake huingia utumboni kwa mafungu madogo, hupanda katika damu kwa taratibu, na hukuta insulini imekwisha kuamka. Jambo hili limepimwa kwa wagonjwa wa kisukari cha ukubwani kwa kuwapa chakula kilekile, siku moja wakianza na mkate, na siku nyingine wakianza na nyama na mboga za majani kisha mkate ukafuata. Na ile siku ambayo mkate ulikuja mwisho, sukari yao katika saa zilizofuata haikupanda kama ilivyopanda siku ya kwanza. Chakula hakikubadilika kwa gramu wala kwa bei, isipokuwa zamu yake. Na baadhi ya dawa mpya za kisukari zinazosifiwa leo ulimwenguni zimetengenezwa kwa kuigiza mojawapo ya homoni hizo za utumbo.

Sasa tuitazame kaida yetu. Katika nyumba nyingi za pwani na za bara mtoto hukanywa, na pengine hupigwa kikumbo, akionekana anakula nyama kabla ya ugali. Adabu ya sahani ni kumega tonge kubwa, kulichovya katika mchuzi, na kukiacha kipande cha nyama mpaka mwisho, kiwe kama tunzo ya aliyesubiri. Adabu hii haikuzuka bure. Ilizaliwa na uhaba, pale samaki mmoja alipokuwa wa watu saba, na ilikuwa ni namna ya kufanya uadilifu na kuwafundisha watoto kutokuwa na choyo. Siilaumu, wala sitaki mtu yeyote ayabeze mafunzo ya mama yake. Lakini mwenye kisukari ana udhuru, na udhuru wake ni wa haki kama ule wa msafiri na mgonjwa katika mambo mengine; kwake yeye zamu ya sahani yafaa ipinduliwe, aanze na kitoweo na mchicha au bamia au kisamvu, ale nusu yake bila ya haraka, kisha ndipo aufikie wali au ugali, na huo uwe kidogo kuliko alivyozoea. Ikiwa watu wanakula sinia moja, na apakuliwe sahani yake kando bila ya kuonewa haya.

Lakini zamu peke yake bila ya kiasi haitoshi, na kwa jambo hili mfano ulio karibu nasi ni sahani ya chipsi mayai iuzwayo kila pembe ya miji yetu. Mlaji hujisemea kuwa kwa kuwa mayai yamo basi chakula kimekuwa na mizani. Kumbe mayai mawili yana protini gramu 12 hivi, ilhali chini yake imefunikwa sahani nzima ya viazi vilivyokunywa mafuta, na pembeni imesimama chupa ya soda ambayo peke yake ina sukari ipatayo vijiko saba. Protini huusaidia wanga kuingia kwa adabu, lakini haiufuti. Kinyume chake ni kile chakula cha asubuhi cha watu wa mwambao, mahamri kwa mbaazi za nazi, ambacho kimekaa vema kuliko mahamri kwa chai tamu peke yake, kwa sababu mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, na wanga wake wenyewe hauna haraka. Ila mwenye kisukari na ayageuze mafungu, mbaazi ziwe bakuli na mahamri yawe moja, na chai iwe chungu. Ajue pia kuwa tui la nazi, pamoja na utamu wake wote, si protini. Ukiondoa maji, sehemu yake kubwa ni mafuta, na likizidi hunenepesha.

Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi ambao jambo hili hudhihirika kuliko miezi mingine. Futari ya kwetu hukusanya muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, magimbi na tambi za sukari katika jamvi moja, na vyote hivyo ni wanga, tena vyaliwa na mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Siwaambii watu waiache futari ya wazee wao. Ninachosema ni kuwa mtu na afungue kwa tende chache na maji, kama ilivyo sunna. Kisha, badala ya kuingia moja kwa moja katika muhogo wa nazi, atangulize supu ya samaki au ya kuku, au kunde, au choroko, na baada ya hapo achague wanga wa namna moja tu katika zile nne au tano zilizowekwa mbele yake. Na wakati wa daku, maharage na mayai humkaa mtu tumboni muda mrefu kuliko wali mtupu, kwani protini huchelewesha njaa. Ama mgonjwa atumiaye insulini au vidonge vya kuishusha sukari, huyo na asiingie katika mfungo kabla ya kuonana na tabibu wake, kwa sababu kufunga na dawa hizo huweza kumtia katika hatari, na dini yetu haikumkalifisha mgonjwa.

Huenda msikilizaji wangu akasema kuwa maneno haya ni ya wenye uwezo, na kwamba kitoweo ni ghali. Hiyo ni hoja ya kujibiwa kwa hesabu. Wataalamu wa lishe wamekadiria kuwa mtu mzima hutosheka na protini ya gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 ahitaji yapata gramu 50 kwa siku. Nyama ya ng'ombe au samaki aliyekwisha kupikwa, kipande cha gramu 100, kina gramu baina ya 20 na 26. Yai moja lina 6. Kikombe cha maziwa kina 8. Na maharage au kunde zilizopikwa, gramu 100, zina 8 hivi, kwa hiyo bakuli la kushiba la maharage halipitwi sana na kipande kidogo cha nyama. Dagaa wakavu, ambao maskini wa Kigoma na Mwanza hawaoni haya kuwala, ni katika vyakula vyenye protini nyingi mno kwa uzito wao, kwa kuwa maji yamekwisha kutoka. Na ile desturi ya kupika mahindi na maharage katika chungu kimoja, ambayo Watanzania huiita makande na Wakenya huiita githeri, ina hekima ndani yake, kwa sababu asidi amino iliyo haba katika mahindi ni nyingi katika maharage, na iliyo haba katika maharage hupatikana katika mahindi. Kwa mwenye kisukari sharti ni moja tu, maharage yawe mengi kuliko mahindi. Yu wapi basi asemaye kuwa kitoweo ni nyama tu?

Faida nyingine ya protini haionekani baada ya mlo mmoja bali baada ya miaka. Sehemu kubwa ya sukari iliyoingia katika damu baada ya kula hupokelewa na misuli, na mtu anapozeeka misuli yake hupungua, hata mahali pa kuipokea sukari pakawa padogo mwaka baada ya mwaka. Mzee ambaye chakula chake cha siku ni uji, chai na mkate, kwa kuwa meno hayamwezeshi na hamu imemtoka, hupungukiwa na misuli kwa haraka, na sukari yake hupanda ijapokuwa hali tamu. Huyo apewe samaki aliyechambuliwa miba, mtindi, mayai ya kuchemsha na choroko zilizopondwa, na juu ya hayo atembee au alime bustani kadiri ya nguvu zake, kwa sababu protini bila ya kazi haijengi misuli.

Lakini sitakuwa nimetimiza amana nikiacha kutaja mipaka. Wa kwanza wa kujihadhari ni yule ambaye kisukari kimekwisha kumgusa figo, maana mabaki ya protini hutolewa kwa njia ya figo, na kiungo kilichochoka hakitwikwi mzigo. Huyo apimiwe kiasi chake na tabibu, wala asifuate maneno ya redioni. Wa pili ni mtegemea insulini ambaye kongosho lake halitoi tena insulini: akila kitoweo kingi mno bila ya wanga, hana insulini ya kwake ya kukabiliana na ile glukagoni, na sukari yake huweza kupanda si mara moja bali baada ya saa tatu hadi tano, wakati ambao amekwisha kusahau alichokula. Wa tatu ni mpenzi wa nyama nyekundu, na hususan soseji na nyama nyinginezo zilizosindikwa, kwa kuwa watafiti waliowafuatilia watu wengi kwa miaka mingi wameona kuwa walao sana nyama za namna hiyo hupatikana na kisukari zaidi kuliko wenzao, ilhali jamii ya kunde haina lawama hiyo. Na wa nne ni mlaji wa ng'onda, papa na nguru wa chumvi, ambaye aghalabu ana shinikizo la damu pamoja na kisukari. Na amrowanishe samaki wake, maji ya chumvi yamwagwe, ndipo ampike.

Lipo na jambo moja la dharura ambalo nawaomba wenye wagonjwa nyumbani walishike kwa makini kuliko yote niliyoyasema. Mtu atumiaye dawa za kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kusema maneno yasiyoeleweka, na kipimo kikionyesha chini ya 4, huo si wakati wa kitoweo. Msimpe yai, wala karanga, wala maziwa mazito, kwa sababu sifa ileile ya kuchelewesha ambayo tumeisifu tangu mwanzo ndiyo itakayomdhuru saa hiyo. Mpeni sukari vijiko vitatu au vinne vya chai iliyokorogwa katika maji, na kama hajarejea katika hali yake baada ya dakika 15 mpeni tena, na akishatengenea ndipo ale chakula kamili chenye protini na wanga ili sukari isimshuke mara ya pili. Ikiwa amezirai, asitiwe kitu chochote kinywani, apelekwe hospitali upesi.

Mabibi na mabwana, hukumu yangu ni hii. Kitoweo si adui wa mwenye kisukari, na wala si dawa ya kisukari; ni mshika hatamu wa wanga, afanyaye kazi yake vizuri akitangulizwa, akiwa wa kadiri, na akipunguziwa mzigo wa wanga ulio nyuma yake. Kazi hiyo haihitaji fedha mpya wala chakula kigeni, bali yahitaji mpakuzi wa nyumbani, mama au dada au yeyote ashikaye upawa, aikubali zamu mpya ya sahani, na mgonjwa aache kuona haya kuifuata. Basi nawaomba, kesho mtakapopakua, maharage au samaki na mboga za majani vitangulie, wali au ugali ufuate na uwe robo ya sahani. Na mwenye kipimo nyumbani apime saa mbili baada ya kula, aandike, na siku ya kliniki amwonyeshe tabibu wake alichokiandika.